Vitufe vya Mkono Mmoja

Itaka, 21 Agosti 2011

Mwanangu Fanueli,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Je, u mzima? Kidonda kimefunga? Sisi huku hatujambo, ila baridi imetubana na kahawa bado iko kwenye vichanja.

Umeondoka bila kuaga. Nilikuletea uji nikakuta kitanda kimetandikwa. Mdogo wako Ketrina alikukimbilia hadi barabarani, basi likawa limeshapita.

Nadhani kilichokuondoa ni ile siku mchungaji alipokuja kukupa pole, nami nikakutupia kitenge juu ya mkono. Nilitaka kukusitiri, baba. Vidole vitatu mkanda wa mashine ya kusaga umevichukua, na watu wetu unawajua kwa kukodoa macho.

Harusi ya Ketrina ni Desemba. Baba yenu hayupo, kwa hiyo ni wewe utakayemkabidhi kwa wakwe. Niandikie.

Mama yako,
Tabita

Dar es Salaam, 18 Septemba 2011

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote. Mimi naendelea vizuri, kidonda kimefunga. Usishangae barua kupigwa chapa kama ya serikali. Mkono wa kushoto bado haujui kuandika, na sikutaka uuone mwandiko wake.

Kazini nilirudi na mkono mfukoni. Unajua kazi yangu ni kuchora ramani za programu: visanduku na mishale, nani anampa nani taarifa, kabla mafundi hawajaanza kuiandika programu yenyewe. Visanduku hivyo huvutwa kwa mausi, kile kidude cha kusukuma mezani. Nilikihamishia kushoto. Mistari ikawa kama nyayo za kuku. Nikawa nakifunika kioo cha kompyuta kwa mgongo kila mtu anapopita, na kazi ya asubuhi nikawa naimaliza jioni.

Angel, dada tunayekaa naye meza moja, aliniona. Nilingoja anipe pole. Akasema, "Fanueli, unachora au unafukuza kunguru?" Kisha akachomoa mausi, akaifungia kwenye droo yake. "Kila unachokivuta kina kitufe chake," akaniambia. Ndivyo nilivyoanza kujifunza njia za mkato za kibodi. Ukishika kitufe kiitwacho Kontroo ukagonga D, kisanduku kinazaa mwenzake. Vitufe vya mishale vinakisogeza. Kontroo na Z, kosa lako linafutika kama hukulifanya. Vitufe vilivyo mbali mkono mmoja hauvifikii kwa pamoja, ila Angel alinipangia kompyuta ikubali nigonge kimoja, niachie, ndipo nigonge cha pili. Naenda polepole, lakini mistari imenyooka.

Kuhusu kitenge, mama. Hukunisitiri. Mimi nilikuwa bado sijajua kwamba ni aibu, nikajua pale.

Harusini sijui kama nitafika.

Mwanao,
Fanueli

Itaka, 9 Oktoba 2011

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, mvua bado. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia. Kuhusu kitenge, naona haya hata kuandika neno lenyewe.

Mambo ya vitufe sikuyaelewa yote, lakini msalimie huyo Angel. Mwambie amekula chumvi yetu hata kama hajafika.

Sasa kuna hili. Shangazi zako wamekaa wakasema bibi harusi hakabidhiwi kwa mkono wa kushoto, ni kuwadharau wakwe, na wa kulia nao wanaona utawatisha wageni. Wamependekeza binamu yako Emanueli asimame badala yako, wewe ukae nami viti vya nyuma. Nimeona si vibaya. Utapumzika na macho ya watu.

Mama yako,
Tabita

Dar es Salaam, 27 Novemba 2011

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nilichelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuambia nilikuwa wapi. Nilikuwa Tunduma, hapo hapo karibu na nyumbani.

Ofisi ilinituma kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Chapwa, Mzee Abdulwahab, mwenye malori yanayovuka kwenda Zambia. Anataka programu ya kufuatilia mizigo. Alinyoosha mkono kunisalimia, nami nikampa wa kushoto. Waliokuwa sebuleni wakatazamana. Ikanibidi niutoe wa kulia mfukoni wauone, wasidhani sina adabu. Mzee akasema, "Allah akupe nguvu," akaketi.

Nikaanza kuchora mbele yao wakinieleza lori linaanzia wapi. Hakuna aliyetazama mchoro. Wote walitazama mkono. Nikababaika, nikagonga vitufe vya kuchagua visanduku vyote, kisha cha kufuta. Kioo kikabaki cheupe. Mwanawe Ikram akacheka, akajiziba mdomo. Nilisahau hata kwamba Kontroo na Z ingevirudisha. Nilikaa tu nikikikodolea macho, mpaka mzee akasema tunywe chai kwanza.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Mlowo. Magari ya Itaka yalikuwa pale pale, kondakta anaita. Nilishusha kofia usoni nikageukia upande wa pili.

Emanueli asimame. Mmeamua vizuri.

Fanueli

Itaka, 4 Desemba 2011

Fanueli,

Marahaba. Habari za Mlowo nilishazisikia. Raphaeli muuza ndizi alikuona dirishani, akaniuliza, "Mama Fanueli, kijana wako siku hizi hatusalimii?" Nilimjibu amekosea mtu. Nimekukana sokoni, mwanangu, mbele ya watu.

Ketrina amesoma barua yako. Amewaambia shangazi zako kwamba usiposimama wewe, haolewi. Wamemgombeza, naye hali nao chakula. Mimi nimekaa upande wake. Nilipaswa kukaa tangu Oktoba.

Sikulazimishi. Harusi ni tarehe kumi na saba.

Mama

Itaka, 8 Januari 2012

Mwanangu Fanueli,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini ulifika salama. Ketrina na mumewe wazima, wanakusalimu.

Hukujibu barua yangu, ukaja mwenyewe. Namshukuru Mungu. Lakini nikuambie jambo ambalo hukuliona. Ulipomshika Ketrina kwa mkono wa kulia na kumpeleka mbele, watu walisimama wote, mimi nikatazama viatu vyangu. Shangazi yako Ferista, aliyepinga kuliko wote, ndiye aliyepiga vigelegele. Mimi mama yako sikuweza kuinua macho.

Kesho yake asubuhi ulikuwa mezani na kompyuta, unamalizia ule mchoro wa mzee wa Tunduma. Nilikuja na chai nikasimama mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unakimbia juu ya vitufe. Nikautafuta wa kulia, nikidhani umeuficha chini ya meza. Ulikuwa juu, kwenye kibodi, kidole gumba kimekandamiza kitufe kimoja, kinaachia, kinakandamiza tena. Hukujua kama nipo. Nikautazama, mwanangu. Niliutazama kovu kwa kovu, mpaka ukageuka ukaniuliza, "Mama, mbona chai imepoa?"

Nikakuambia naenda kuipasha. Nilikuwa nalia jikoni.

Mama yako,
Tabita