PF3 ya Dada Tumaini

Makambako, Jumanne jioni

Yaani hata sheria ya parole ikilegezwa kwa wanawake waliofungwa baada ya kuteswa na waume zao, dada Tumaini atadaiwa ushahidi wa kipigo. Leo Njombe ofisa wa magereza ameniuliza, "Mama Neema, fomu ya polisi ya majeraha yake, PF3, iko wapi?"

Haikuwahi kuwepo. Siku alipovunjwa mkono, mimi ndiye niliyemrudisha kutoka mlangoni kwa polisi. "Dada, tuyamalize kwenye ukoo." Hospitalini akasema ameanguka na kikapu cha chai. Baadaye, akijitetea, akamuua mumewe.

"Mama mdogo, mama anarudi lini?" mwanawe ameniuliza. Nimemwambia si karibuni, ale kwanza.

Ofisa anasema dada alimweleza fomu ilipotea. Miaka sita gerezani, na bado hajanitaja.