Kabati la Kuzifungia Mashine

Jumamosi, 4 Machi

Nimenunua vifaa. Plaiwudi, gundi nyeupe ya mbao, msasa, bawaba nne, na vinia ya mtiki — ile ngozi nyembamba ya mbao ya thamani unayobandika juu ya mbao ya kawaida ili wageni wakuheshimu. Muuzaji aliuliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni mimi. Akaniongezea gundi bure.

Mke wangu yuko kwa binti yetu, aliyejifungua. Alikwenda kwa wiki tatu. Wiki tatu zimekwisha, zikaita wenzao. Siku ya kuondoka alisimama sebuleni akaitazama meza yangu: kicheza santuri, amplifaya ya zamani yenye taa za vioo ndani, rekoda ya tepu kubwa, na nyaya chini zimetapakaa. Akasema: "Wewe umeoa hizi. Mimi mpangaji tu." Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu.

Basi nazijengea kabati lenye milango. Akirudi atakuta zimefungwa, hazionekani. Atamkuta mume.

Jumapili, 5 Machi

Nimepima mashine zote. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nimegawa mashamba ya ndugu waliokuja na mapanga mkononi, na hakuna aliyerudi kulalamika. Nimechora mchoro, mzuri kweli. Niliutundika ukutani nikautazama hadi chai ikapoa.

Binti kapiga simu. Mtoto hajambo, ananyonya, analia. Nikaomba niongee na bibi yake. Amelala, akasema. Saa nne asubuhi! Tangu tuoane huyu mama hajawahi kulala saa nne asubuhi.

Jumatano, 8 Machi

Shemeji kaja na drili. Ni mdogo wake mke wangu, dereva wa lori, na miaka yote hii hajachoka kunikumbusha kwamba dada yake nilipewa kwa huruma. Kaitazama plaiwudi, kanitazama mimi. "Penye miti hakuna wajenzi," akasema, akavua shati.

Tumekata, tumeunga, sanduku limesimama. Nikaingiza amplifaya. Ikaingia! Mgongo wa kabati haukufunga. Nyuma ya amplifaya kuna plagi na nyaya zimejitokeza, karibu upana wa kiganja. Nilipima mashine, sikupima mikia yake. Shemeji alikaa sakafuni kucheka. Eti wale ndugu wakisikia watarudi na mapanga yao.

Tumeongeza vipande pembeni na kusogeza mgongo nyuma. Imechukua mchana wote.

Wakati anakunja waya wa drili nikamuuliza, kama mtu anayeuliza kuhusu mvua, dada yake anasemaje siku hizi. Akanyamaza. Shemeji, kunyamaza! Kisha akasema: binti amemwomba mama yake akae huko moja kwa moja. Anarudi kazini na hataki kumwachia mgeni mtoto. Na dada yako kamjibu nini? "Anafikiria, shemeji."

Baada ya yeye kuondoka nimepiga msasa upande wa chini wa kabati. Upande usioonekana. Sasa ni laini sana.

Alhamisi, 9 Machi

Naogopa atakaa huko. Nimeliandika, basi.

Binti kapiga tena. Nikamuuliza mama yake ana kinyongo gani na mimi.  Eti mama anasema nyumbani kwetu mtu huongea kwa zamu na santuri: akianza neno, mimi nainua kidole, ngoja kwanza upande huu uishe. Nikamweleza kwamba upande mmoja ni dakika ishirini tu.

"Tu, baba?" akasema.

Jumatatu, 13 Machi

Vinia. Unapaka gundi kwenye vinia na kwenye mbao, unaacha ikauke, kisha unapitisha pasi ya moto. Gundi inayeyuka, inashika. Rahisi! Kila mtu anasema rahisi.

Juu limetoka safi kabisa, sikuamini ni mkono wangu. Milango ndiyo kisa. Mlango wa kulia mistari ya mbao imesimama, wa kushoto imelala. Niligeuza kipande nilipokwenda kufungua geti. Vinia imekwisha na duka halina nyingine ya rangi hiyo. Shemeji kaja, kainamisha kichwa huku, kainamisha kule. "Huyu kasimama anasubiri," akasema, "na huyu kachoka kusubiri."

Sikucheka. Nilicheka alipoondoka.

Pasi ilikuwa ya mke wangu. Imejaa gundi, ikigusa shati inabaki nalo. Nimenunua nyingine ya aina ileile, na ule mkwaruzo wa kwenye mpini nimeuchora kwa kisu. Umefanana sana.

Jumamosi, 18 Machi

Vanishi mara ya tatu. Kabati linang'aa mpaka naiona pua yangu humo, jambo ambalo sikuliomba.

Tumeziingiza mashine zote, tukawasha amplifaya milango ikiwa wazi. Baada ya muda shemeji kaweka mkono juu yake, akautoa upesi. "Hii si redio, shemeji. Hii ni jiko. Toboa mgongo lipumue." Nikakataa. Nikitoboa, nyaya zitaonekana na vumbi litaingia, na hayo mawili ndiyo wimbo wa dada yake. Nataka zifungwe, nikamwambia. Zifungwe kabisa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Mimi si mkuu wako. Lakini guu ni lako."

Jumapili, 19 Machi

Leo mke wangu kapiga mwenyewe! Sauti yake. Mtoto kanenepa, ana masikio yangu, pole yake. Anakuja Jumamosi.

"Unarudi?" nikauliza.

"Nakuja. Tuongee."

Tuongee nini? Nikija, akasema. Kuja na kurudi si kitu kimoja. Nimetembea nyumba nzima nikilifikiria hilo, nyumba yenyewe ni vyumba vitatu.

Ijumaa, 24 Machi

Nimefagia. Nimefua mapazia. Wimbo mmoja wa majaribio, milango imefungwa: sauti inatoka kama mtu anaimba akiwa ndani ya kabati. Ambayo ni kweli. Hakuna kilichoharibika.

Jumamosi, 25 Machi

Kafika saa nane. Shemeji kamleta, kashusha begi, kaniangalia, kaondoka bila mzaha wowote. Hilo limenitisha kuliko yote. Begi ni dogo, na bado liko mlangoni.

Kapungua. Nilimwambia. Akasema wewe pia. Mimi sijapungua.

Akaliona kabati. Akalizunguka. Akapitisha kiganja juu, taratibu, kama anavyopima kitambaa dukani. Nani kajenga? Mimi. Akautazama mlango wa kushoto. "Huu umelala." Ndiyo, umelala. Akafungua, akaziona mashine anazozionea wivu, zote zimepangwa, akafunga. Hakusema limependeza. Akasema: "Ziwashe basi, pole pole, tukiwa tunaongea."

Nikaziwasha, nikaweka santuri, nikafunga milango. Furaha niliyokuwa nayo! Tukakaa. Yeye kalipa kabati mgongo, mimi nalitazama.

Akaanza. Binti anamtaka akae mpaka mtoto aanze shule. Kule akifungua mdomo kuna mtu anageuka, hata kama mtu mwenyewe hana meno. Akasema hajaamua. Akasema amekuja kuona kwanza kama hapa pana mtu wa kumwambia.

Hapo ndipo nilipoliona. Juu ya bega lake, juu ya kabati, vinia inainuka. Kwanza uvimbe kama yai. Gundi iliyoshikwa kwa moto, nami nimeifungia na moto. Ukaongezeka ukawa kama sahani. Hatua tatu tu, nifungue milango, nizime. Moyo ulikuwa umeshainuka, mwili umebaki kwenye kiti.

Kabati likalia — ta!

"Nini hicho?" akauliza.

"Mbao tu. Endelea."

 Hakugeuka nyuma. Akaendelea. Kaniambia mambo ya mwaka juzi, na ya siku aliyotoka hospitali akanikuta nageuza santuri, ambayo mimi sikuijua kabisa kuwa ni siku ya maana. Upande wa kwanza umekwisha zamani, sindano inakwaruza hewa. Na lile joto. Na harufu ya vanishi. Ta! Ta!

Sasa kaenda jikoni kuweka chai. Alipoinuka amepita mbele ya kabati, lazima ameliona, kwa sababu limevimba kuliko mto. Amesema: "Usiinuke. Sijamaliza."

Daftari hili lilikuwa chini ya mto wa kiti, nimelifikia bila kuinuka. Mlango wa kushoto nao umeanza kubanduka pembeni. Nasikia vijiko. Anakuja.