Chaki ya Ijumaa

Karakana ya Meli,
Homa Bay.
Jumapili, 13 Juni 1965.

Kwa Mzee Elkanah, Baba yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inawakuta wazima hapo Sori, wewe, Mama, na dada yangu Zilpah, ambaye najua ndiye anayekusomea sasa. Ile dawa ya macho imekusaidia? Goti la Mama je? Na lile shamba la chini, maji ya ziwa yamepungua ama bado mnavuna matope? Mwili wangu ni mzima. Wale samaki wakavu, ngege, mliotuma walifika, nikawala peke yangu mpaka wenzangu wakaniita mchoyo.

Uliniuliza habari za meli. Baba, imesimama! Mwaka jana uliiona ikiwa rundo la mabamba ya chuma ndani ya makasha, kila kipande na nambari yake, kama ilivyochorwa na kukatwa huko Ulaya. Sasa ina mkuku, yaani uti wake wa mgongo, ina mbavu arobaini, na urefu wake unalishinda kanisa letu mara tatu. Injinia wetu, mzee wa Kizungu mwenye hasira za karibu, hupenda kutuambia kwamba babu yake alikuwa fundi katika mojawapo ya meli kubwa za kwanza za chuma zilizovuka bahari kuu na abiria. Anasema ribiti za meli hiyo zilikuwa hazihesabiki, lakini kila moja ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alijulikana. Ribiti ni msumari mnene usio na ncha. Unatiwa tunduni ukiwa mwekundu kwa moto, unapigwa nyundo, na ukipoa unayabana mabamba maji yasipite.

Kazi hiyo tuliifanya wawili, mimi na Nicanor wa Rodi Kopany, unayemjua. Yeye alipiga, mimi nikakagua. Unaweka kidole upande mmoja wa ribiti, unagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ikitetema chini ya kidole, imelegea, ing'olewe. Ikitulia, unaitia alama ya chaki, na fundi wa rangi anapita kuipaka.

Basi mwezi uliopita meli ilishushwa majini kujaribiwa, ikaingiza maji kati ya ubavu wa kumi na mbili na wa kumi na tano. Hakuna aliyeumia, ila ilirudishwa nchi kavu na mabamba yakafunguliwa upya. Injinia alituita mbele ya mafundi wote. Nicanor alisema kwamba siku ya Jumamosi, kabla mbavu zile hazijapakwa rangi, alizikuta ribiti zimeshatiwa chaki, akampisha fundi wa rangi. Injinia akanigeukia, akasema huyu kijana wa Sabato hawezi kusema uongo. Nilichojibu nitakuambia, Baba, usinikimbize. Nicanor alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Jumanne nikapata barua yako. Umeniandikia kwamba wazee wa Nicanor walikuja kumposa Zilpah ukawarudisha. Ulikuwa umekwisha kumkubali ingawa ni Mkatoliki, lakini uliposikia habari za meli ulisema mtu asiyeweza kukabidhiwa msumari hawezi kukabidhiwa binti. Tena ulisimama kanisani ukanitolea mfano. Umesema Zilpah halii, ila chakula hakimpiti. Niliiweka barua chini. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ni mimi, Baba. Ijumaa ile jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, na ribiti za mbavu hizo nilikuwa sijazigusa. Nicanor mwenyewe ndiye aliyeniambia niziache, atazikagua kesho yake, nisije nikakutwa na jua nikiwa na nyundo mkononi. Mimi nikaona haya kazi yangu ifanywe na mtu mwingine siku ya Sabato, kana kwamba nimemtuma avunje amri kwa niaba yangu. Alipokwenda kuzima moto, nilizitia zote chaki bila kugonga hata moja. Nikaenda kuimba nyimbo za kuifungua Sabato, chaki ingali vidoleni. Na nilipoulizwa mbele ya watu, nilisema sikuzifikia mbavu zile, labda Nicanor alizitia chaki mwenyewe akasahau.

Zilpah, usinyamaze hapo. Baba akiuliza mbona umesita, endelea kusoma.

Jana sikwenda kanisani. Nilikwenda karakana, mara yangu ya kwanza kukanyaga pale siku ya Sabato, na mafundi wakadhani nimefiwa. Nilimweleza injinia yote mbele ya watu wale wale. Alinyoosha mkono nimpe ile nyundo ndogo, nikajua kazi yangu imekwisha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Barua ya kumrudisha Nicanor kazini ninayo, na kesho nitampelekea kwa miguu yangu. Akinipiga, ana haki.

Baba, sikuombi unisamehe leo. Nakuomba utume mtu kwa wazee wa Nicanor, awaambie warudi. Najua si desturi baba wa msichana kuwafuata waliokuja kuposa, na aibu hiyo nimekuvika mimi. Na Sabato ijayo, pale uliposimama kunisifu, simama tena barua hii isomwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Msalimie Mama sana. Asinitumie ngege tena mpaka nijue nitakuwa wapi. Wasalimie majirani pia, wale watakaokubali salamu zangu.

Nawe Zilpah, kama umemsomea Baba kila neno bila kuruka hata moja, umefanya kazi iliyonishinda mimi.

Mimi ni mwanao, na ndugu yako,
Jared Otieno