Popi na Kihehe cha Mama Zuhura

Mtoni, Jumanne jioni

Mpaka sasa sielewi. Asubuhi mbwa wangu, Popi, alitoroka wakati nimeinamia redio mbovu ninayojifurahisha kwa kuitengeneza. Geti niliacha wazi mwenyewe. Nikamkuta uani kwa jirani, Mama Zuhura, anafukuza kuku.

Nikamwita, nikapiga mluzi. Wapi. Mbwa huyu marehemu mke wangu alimlea kwa Kihehe, na mie Mhaya, Kihehe kinanipiga chenga.

Mama Zuhura hagusi mbwa, kwa dini yake. Alisimama mbali, akatamka maneno mawili ya Kihehe, safi kabisa. Popi akalala chini.

"Umekijulia wapi?" nikamuuliza. Sikuwa nimemsemesha tangu Popi, akiwa bado mdogo, aue kuku wake, yeye na mke wangu wakagombana.

"Kwa mkeo. Ukishaenda kufundisha alikuwa anakuja, tunakunywa chai hapa kibarazani. Mbwa anabaki pale mlangoni." Akaniangalia. "Tulipatana wiki ileile, Mwalimu. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Labda alidhani najua. Labda aliona nilivyokaza shingo, akashindwa aanzie wapi. Au alitaka tu kuwa na kitu chake, ambacho mie...

Nimejaribu kurudi kwenye redio, nimeunga waya uleule mara tatu.

Miaka minane nimepita mbele ya kibaraza kile nikiangalia pembeni, bila salamu, kwa ajili ya mke wangu. Sasa sijui nilikuwa nanuna kwa niaba ya nani.