Mama anataka kuuona mji aliosimuliwa

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko ukiwa umepinda, maana nakuandikia mdogo akiwa mgongoni na mkubwa ananivuta sketi, na nikisema nisubiri walale wote wawili kwa wakati mmoja basi barua hii haitaandikwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mume wangu ni fundi wa majokofu na anarudi nyumbani hoi, na wazazi wangu wanakaa mtaa wa pili kutoka kwetu tangu walipostaafu. Wote wawili walifanya kazi kwa dobi mkubwa katika ule mji tuliohama nikiwa bado msichana, dobi aliyekuwa akifua mashuka ya karibu hoteli zote za pale. Baba alikuwa anasukuma toroli, anapeleka mashuka safi na kurudi na machafu, na wenzake walimwita Breki kwa sababu toroli lake halikuwa na breki, akiteremka mlima alikuwa anapaza sauti "breki, breki" watu wampishe, na mpaka leo mama akimkasirikia humwita hivyo. Mama alikuwa upande wa pasi, chini kabisa, kwenye chumba chenye vidirisha vya juu ambavyo ukivitazama huoni kitu ila viatu vya wapita njia.

Mle ndimo nilimolelewa, mshauri. Nikifumba macho sasa hivi napata harufu ya wanga na mvuke. Nilikuwa nalazwa ndani ya kapu la mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, bado yana joto, na akina mama wa pasi wanapokezana kunichungulia, na sijawahi kupata usingizi kama ule tena, hasa miaka hii. Jioni baba akirudi anapindua toroli, anaketi juu yake, anavua viatu na kumsimulia mama njia yake yote ya siku ile, daraja la chuma, soko la maua, ngazi ndefu zinazopanda mpaka bustani ya juu, ziwa lenye viboti vya kukanyaga kwa miguu. Mama hanyanyui kichwa, pasi inakwenda tu, lakini baba akithubutu kuruka mtaa mmoja atamsikia anauliza, "Na kwa fundi viatu hukupita leo?" Baba inabidi arudi nyuma, aanzie tena kwa fundi viatu.

Sasa kaka yangu, ambaye ni dereva wa malori na mambo yake yamemnyookea, akasema anataka kuwapa wazazi zawadi, wiki nzima katika mji ule, yeye atalipa na mimi nipange, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua dawa zao. Nikapanga. Nikafikiria miguu ya mama iliyotuna mishipa kama kamba, nikafikiria presha yake na goti la baba, nikawatafutia basi la wageni lenye viti laini wauone mji wakiwa wamekaa, halafu chakula, halafu kupumzika, halafu makumbusho yenye lifti, halafu kupumzika, halafu chai na kulala mapema. Baba alivaa miwani akaisoma ratiba mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama akamuuliza kama hii ni safari au wamelazwa. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi nikanuna, maana nilikuwa nimeipanga mtoto akinyonya.

Kumbe wao walikuwa na yao. Wanataka kuitembea njia ya toroli kwa miguu, kipande kipande, wiki nzima. Wanataka kuzipanda zile ngazi mpaka juu, kukanyaga kiboti ziwani, kukodi baiskeli ya watu wawili, na mama yangu hajapanda baiskeli tangu azaliwe. Tena wanataka kulala katika ile hoteli kubwa ambayo mama aliipigia pasi mashuka yake miaka yote ile, na waingilie mlango wa mbele.

Nikasema basi tujaribu kwanza. Tukaenda mji mdogo wa karibu, tukalala nyumba ya wageni. Mchana ulikwenda vizuri, siwezi kuwasingizia. Mama alitembea mbele, baba nyuma yake anahema na huku anaeleza kila ukuta, na mimi nyuma yao wote na watoto, natamani kupatikane mtu wa kunibeba mimi. Asubuhi naamka, mama hayupo. Alikuwa ameamka mapema, akavua mashuka ya vitanda vyote mpaka la kitanda cha mtoto, akayafunga furushi kama walivyokuwa wakifunga zamani, shuka moja likiwa gunia la mengine, akatafuta ngazi za nyuma ayapeleke chini kwa dobi, kwa sababu kwake yeye mtu mzima hawezi kuondoka chumbani akaacha shuka chafu kitandani. Furushi likamziba macho, akakosa kidato cha mwisho, kifundo cha mguu kikateguka. Nilimkuta ameketi pale chini na mhudumu wa usafi, wanacheka, mama anamwonyesha jinsi ya kukunja shuka lenye lastiki lisifanye tumbo. Mimi sikucheka. Nilichuchumaa nikaanza kumpapasa kifundo.

Tuliporudi nikampigia kaka nikamwambia avunje mpango wote, na wazazi nikawaambia ana kwa ana kwamba hakuna safari. Baba alifoka, na baba akifoka namjua, kesho yake anakuja kuomba chai. Mama aliuliza tu kama nepi zimekauka. Daktari alimwona, akasema ni mteguko mdogo, na kweli umepona. Kila asubuhi aliendelea kuja kama kawaida kumchukua mdogo ili nipate kuoga na kufua. Mpaka juzi, tunakunja nepi, mikono yake inakwenda kasi kuliko yangu, akasema bila kunitazama,

"Baba yako ule mji aliutembea. Mimi nilisimuliwa."

Nikamwambia mama, si tuliishi pale miaka na miaka. Akanieleza kwamba alikuwa anatoka na gari la kazini kabla hakujakucha, anarudi giza limeshaingia, na siku ya mapumziko alikuwa anafua nguo zetu wenyewe. Hajawahi kufika ziwani. Hajawahi kuliona soko la maua. Daraja la chuma alikuwa analipita ndani ya gari, amesinzia.

"Miguu yangu imechakaa kwa kusimama pahali pamoja, mwanangu," akaniambia. "Acha basi nayo iumie kidogo ikienda."

Kisha akamchukua mtoto wakatoka nje kutazama paka, na mimi nikabaki na nepi mkononi.

Tangu siku hiyo sina raha. Mume wangu anasema niwaache waende. Jirani yangu mshonaji anasema mama akianguka huko, lawama zote zitakuwa zangu. Kaka kumbe hakuvunja kitu, anangoja neno langu kabla mwezi haujaisha. Nimefikiria niende nao na watoto niwaangalie, lakini baba amesema nikienda na kitanda cha mtoto na begi la nepi, wao watageuka yaya wa bustanini na mji wasiuone. Na wakienda bila mimi, wiki nzima, sijui hata asubuhi zangu nitazifanyaje, naona haya kuliandika hili lakini nimeshaliandika. Je, nimwachie mama aende, na miguu ile? Na kikimpata kitu?

Ni mimi, Binti wa Breki.


MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Breki, pole, na naisema kwa moyo. Mtu anayeandika barua na mtoto mgongoni anastahili chai iliyopikwa na mwingine. Hiyo imeisha, sasa nisikilize.

Uliambiwa upange safari, wewe ukapanga wodi. Baba yako alikuwa na haki ya kuuliza. Nakubali uliipanga kwa mapenzi, lakini mapenzi yako yamewaangalia wazazi kuanzia kiunoni kwenda chini, mishipa, goti, kifundo, na hukufika usoni. Ungefika, ungemuuliza mama swali moja kabla ya kutafuta basi lenye viti laini.

Soma tena barua yako. Mchana kutwa mama alitembea, tena akawatangulia, umeandika mwenyewe. Aliteguka alipobeba furushi lililomziba macho. Kilichomwangusha ni mikono iliyoshindwa kustaafu, wewe ukaenda kuiadhibu miguu.

Halafu lipo neno umelisukumia mwishoni kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Nani atamshika mtoto. Mwanangu, hilo si la kuonea haya. Umechoka, na mama yako ndiye anayekusimamisha kila asubuhi. Ila usiivalishe hofu hiyo nguo ya presha yake. Mume wako aombe ruhusa siku chache kazini, fundi anayeweza kuponya jokofu ataweza kupasha maziwa. Na huyo jirani mshonaji mwenye maneno mengi ya lawama, mwombe akushikie mdogo asubuhi uoge. Kama ana muda wa kutabiri, ana muda wa kubembeleza.

Sasa kazi yenyewe. Mpeleke mama kwa daktari, baba awepo, na msiulize kama anahitaji kupumzika, maana daktari gani atasema hapana. Mwambieni anataka kutembea na kupanda ngazi wiki nzima, awaeleze afanyeje na akiona dalili gani asimame. Daktari akikataa kabisa, hapo tutazungumza mengine. Akikubali, viatu vinunuliwe sasa hivi na avivae humo humo mtaani mpaka vilegee, viatu vipya na mji mpya visikutane siku moja. Waanze kutembea kuanzia sasa, leo mpaka kona ile, kesho kutwa mpaka ya mbele yake, na kilima kama mnacho.

Huko mjini watembee asubuhi kukiwa na ubaridi. Jua likipanda wakae, wale, wanyooshe miguu kitandani bila kuona aibu, na alasiri kitu kimoja tu kidogo. Siku ya kupanda ifuatwe na siku ya tambarare. Zile ngazi za bustani waziweke katikati ya wiki, kwa sababu siku ya kwanza watu wazima hulewa furaha wakajisahau, na siku ya mwisho miili imechoka. Dawa zigawanywe katika mikoba miwili, mmoja ukipotea wa pili upo. Namba yako ya simu na jina la hoteli viwe mfukoni mwa kila mmoja wao. Kiboti, ruksa, na wavae maboya. Baiskeli ya watu wawili, hapana, nasema hapana. Mtu hajifunzi baiskeli kwenye mji wenye magari, na dereva wake akiwa mtu anayeitwa Breki kwa sababu ile uliyoitaja.

Hoteli kubwa walale, waingilie mlango wa mbele, na wewe mpigie mtu wa mapokezi mapema awape chumba karibu na lifti. Mama akiamka akavua mashuka, mwache avue, ayakunje apendavyo, lakini yaishie hapo hapo kitandani. Wa kuyashusha analipwa kwa kazi hiyo, kama alivyolipwa yeye kwa yake.

Na baba yako mpelekee ujumbe huu kutoka kwangu. Mzee, safari hii mama anatangulia, wewe nyuma, na mdomo ufunge mpaka uulizwe. Kusimulia ulishasimulia. Kama fundi viatu hayupo tena, kama soko la maua limekuwa duka la simu, usimwahi kumwambia hapa palikuwa hivi. Aone palivyo. Akitaka kujua palivyokuwa atakuuliza, na akikuuliza, hapo sema mpaka uchoke.

Wewe usiende. Najua, na nadhani na wewe unajua, kwamba si hofu tu inayokutamanisha kwenda. Lile kapu la mashuka ya joto liko kule mjini, na ungependa kulichungulia hata mara moja. Utakwenda, watoto wakikua kidogo, na utakwenda na mume wako. Wiki hii ni ya mwanamke aliyeutazama mji ule kwa viatu vya watu.

Kwa hiyo weka gazeti chini umpigie kaka yako leo, usingoje mwezi uishe. Kisha nenda kwa mama ukamwambie mwenyewe, usimtume mtoto wala mume.

Wakishafika huko, usiwapigie simu kila dakika. Ngoja mama apige. Atakapopiga, jizuie usianze na dawa wala miguu. Muulize ameona nini, halafu unyamaze asimulie mpaka mwisho, hata kama mdogo analia.