Tufani na Handaki la Turubai

Jumanne, 4 Machi

Mwenye nyumba kabisha hodi asubuhi mapema, sijamaliza hata kufunga vifungo vya sare ya kazi. Tufani kamngurumia tena, safari hii mpaka meno yakaonekana. Mzee hakupandisha sauti. Kasema mbwa mwoga na mbwa mkali kwake ni wale wale, na wajukuu wake wanacheza hapo uani kila siku. Nimeahidi kumpeleka mazoezini; amenipa mpaka Jumapili ya tarehe 23. Atakuja mwenyewe uwanja wa mazoezi ya mbwa, amwone. Akimwona vile vile, Tufani anarudi kituo cha mbwa waliotupwa.

Miezi minne tu tangu nimtoe huko! Simrudishi. Nimesema.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza. Mwalimu ana filimbi shingoni ambayo hajaipuliza hata mara moja — nimeshamwita Filimbi, moyoni. Uwanjani kuna viunzi vya kuruka, ubao wa kupanda na kushuka, na handaki la turubai la bluu, urefu wa mita tano hivi. Anasema vikombe ni vya wengine, sisi tunatafuta kujiamini tu.

Kiunzi cha chini kabisa, hakifiki hata gotini: kakizunguka. Handaki: kalala kifudifudi, kajikojolea. Tufani! Aliyempa jina hilo alikuwa na mzaha.

Jumamosi, 8 Machi

Viunzi viwili karuka! Vya chini, lakini karuka. Nimepiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Handaki — hapana. Nimembembeleza dakika ishirini, magoti yote matope.

Mama kwenye simu: wenzangu wanalea watoto, mimi nalea woga. Nikamwambia woga huu una miguu minne na unakula kuliko mjukuu. Akacheka, ila bado ana lake moyoni.

Jumatano, 12 Machi

Ubao kaupanda, kaushuka. Handaki bado. Akifika tu mlangoni pake, mkia tumboni.

Nyumbani nimepanga viti, nikatandika shuka juu: handaki la sebuleni. Hilo anapita! Anapita peke yake, mimi nikiwa jikoni. Nikisogea kumtia moyo, anagoma. Sielewi kabisa. Nimeishiwa mbinu, nia ndiyo sijaishiwa.

Jumapili, 16 Machi

Filimbi kanikalisha kwenye benchi, kaniuliza nafanya kazi gani. Muuguzi, nikasema, chumba cha sindano. Akacheka mpaka akashika magoti. Kumbe alikuwa ananihesabia: kwa dakika kumi nimesema "pole" mara thelathini na moja. Pole baba, pole — mbwa hajaguswa na kitu! Akauliza wagonjwa wangu wakiisikia pole yangu wanafanyaje.

Wanakaza msuli. Wanajua sindano ndiyo inakuja.

Nimeona aibu. Miezi minne! Kuogeshwa, pole. Radi, pole. Mtu akibisha hodi, pole. Mwenye nyumba, pole mbili. Nilidhani namfariji, kumbe nampigia kengele ya hatari. Imeniuma sana.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya nne nimefunga mdomo. Ni kazi kuliko kuacha sukari! Wagonjwa wanaendelea kupata pole zao, ni haki yao. Uwanjani nimesimama upande wa pili wa handaki, nikatazama pembeni kama mtu aliye kwenye foleni. Halafu nikasikia kucha kwenye turubai. Ikatokea pua. Akafuata Tufani mzima! Nimelia. Filimbi naye kajifanya anafunga kamba za viatu.

Kapita mara sita. Ya saba hakuambiwa na mtu.

Jumapili, 23 Machi

Naandikia kwenye goti, benchi la uwanjani, maana bila kalamu mkononi nitasema kitu. Mbele yetu kabaki mbwa mmoja. Mwenye nyumba amefika, kofia kichwani, kakaa kushoto kwangu. Tufani yuko miguuni pangu. Hajanguruma!

Mzee kaona ninavyoandika na kukatakata maneno. Kwa wema kabisa, na ile sauti yake nene: "Pole, binti yangu. Pole sana."

Mungu wangu. Masikio chini. Mkia tumboni. Tufani ananitazama mimi, na mdomo wangu ulishaanza kufunguka —

Nimeufunga. Natazama pembeni. Niko kwenye foleni.

Mzee anauliza, vipi, mbwa wako anaumwa? Sijamjibu, atanisamehe. Filimbi anatuita. Tufani kasimama. Kajikung'uta, kuanzia pua mpaka mkia. Kamba imekazika kuelekea handaki, kalamu inaruka ovyo, na anayevuta si mimi