Acen Wawili wa Muyenga

Acen, rafiki yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu dukani, na kila mara anaingia mteja mwenye kitambulisho anataka nakala. Sasa nimefunga mlango. Nina jambo nimelifanya, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kama siku zote.

Unakumbuka ile Jumapili tulipopanda kilima cha Muyenga? Ulikuwa na simu mpya, huna raha mpaka tupige "picha ndefu", ile ya kuzungusha simu polepole hadi jiji la Kampala na ziwa viingie pamoja. Ukanipa mimi nipige, maana mkono wa Mkenya, ulisema, hautetemeki mpaka aone chai inaisha. Ukasimama kushoto. Simu ilipokupita tu ukakimbia nyuma ya mgongo wangu, kandambili pata pata, ukawahi kusimama kulia. Mara ya kwanza ulitoka na mguu mmoja. Mara ya pili huna kichwa, tukacheka hadi mlinzi wa geti la jirani akaja kututazama. Ya tatu ikakubali. Acen wawili, ziwa katikati. Wa kushoto amekaza uso. Wa kulia anahema na kucheka, meno yote nje.

"Ona," ukasema, "leo tumetimia."

Nilidhani ni mzaha. Ndipo ukanieleza kwa nini kambi nzima ya polisi Nsambya inamwita mama yako Nalongo, jina la mama wa mapacha, ilhali mimi namjua mtoto mmoja tu. Pacha wako Apiyo alitangulia kuzaliwa, ukafuata wewe, na yeye hakumaliza mwezi duniani. "Jina langu lenyewe ni la anayefuata," ulisema, ukanitumia picha, tukashuka kula chipsi Kabalagala.

Kisha homa. Siku nne tu, Acen. Siku nne! Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Walihitaji picha ya kuweka juu ya jeneza, na kazi yangu ndiyo hiyo, kuchapisha picha. Nilifungua ile ya Muyenga nikamkata wa kushoto, nikamchapisha peke yake na kumtia fremu. Nilijiambia ametulia, anafaa msibani. Mama yako akaisogelea fremu, akaitazama sana.

"Hii si Acen," akasema. "Hii ni Apiyo. Acen yangu hapana nyamaza hivi."

Shangazi zako wakamshika, wakasema ni uchungu. Akanigeukia mimi. "Mwanangu, ingine hakuna?"

Nikasema, "Hakuna, Nalongo."

Nilimdanganya. Mama aliyenipakulia mboga yake ya malakwang miaka minne bila kuuliza nimetoka kabila gani! Picha ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya simu. Wa kushoto nilimtoa ili wa kulia abaki kwangu. Sikutaka kukugawana na mtu, hata na aliyekuzaa.

Tangu hapo sina amani. Nikiinua simu kumpiga mteja picha, nasikia kandambili nyuma yangu. Sigeuki, naogopa kukuona, naogopa pia kutokukuona. Nikikutazama pale kulia, naona kama kicheko kinapungua, kama mtu aliyechoka kuchekeshwa. Juzi kanisani nilitaka kukutaja kwenye maombi, mdomo ukatoa jina la Apiyo. Na kambini wameanza kumwita mama yako kwa jina lake la ubatizo, wakidhani wanamhurumia. Haitiki. Anakaa mlangoni na ile fremu mapajani, anamuuliza aliyemo mwenzake yuko wapi. Mimi ndiye mwenye jibu, nami hupita njia ya nyuma ili asinione.

Leo nimeichapisha nzima, bila kukata, ndefu kama benchi la duka. Kesho baada ya misa nampelekea, na nitamwambia kwa mdomo wangu: ilikuwepo, nilikuficha. Akinifukuza, ana haki. Iliyo kwenye simu nitaifuta mbele yake, ili nikitaka kukuona niende nikabishe hodi kama watu wengine.

Nenda salama, Acen wangu. Na huko mlipo, niombee msamaha kwa Apiyo. Nilimzika mara ya pili ili nisikuzike wewe hata mara moja.